Maji hayamwagwi: makaroni, soseji na mboga ndani ya sufuria moja

#1 JikoLaPwani

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa chakula cha jioni kinachokamilika kwa dakika 30 hadi 35, jiko moja na sufuria moja: makaroni, soseji na mboga, bila kuchemsha makaroni pembeni na bila kuchuja. Maelekezo mengi ya pishi hili husema "tia maji ya kutosha", na hapo ndipo watu wanapopotea. Makaroni ya kuchuja yanasamehe, maana maji yakizidi unayamwaga. Haya hayasamehi. Maji hayamwagwi, kwa hiyo unachotia ndicho utakachokula. Yapimeni.

Kwa watu wanne: makaroni pakiti ya gramu 400, soseji 6 (kama gramu 330), kitunguu maji kikubwa 1, kitunguu saumu punje 3, karoti 2, pilipili hoho 1, nyanya 4 za wastani zilizokunwa, nyanya ya kopo vijiko 2 vya chakula, mchicha au spinachi fungu moja dogo, mafuta vijiko 2 vya chakula, na maji mililita 875. Asiye na kikombe cha kupimia achukue chupa ya maji ya nusu lita: chupa moja na robo tatu. Vikombe vya chai msivitumie, kila nyumba ina saizi yake.

Hesabu yake ni hii. Makaroni makavu gramu 400 yakiiva hunywa mililita 500 hadi 550. Mvuke unaondoka na 150 hadi 200, ikiwa mfuniko umeegeshwa na moto ni wa kati. Nyanya zilizokwisha kukaangwa zinarudisha kama 200. Kinachobaki ni mililita 300 na kitu, ndio mchuzi wa sahani nne.

Chemsha maji kwenye birika wakati unakata mboga. Pangusa soseji zikauke, zikaange nzima kwenye mafuta, moto wa kati, dakika 5 au 6, zigeuze mpaka ziwe za kahawia pande zote. Zitoe, zikate vipande vya sentimita 1 na nusu. Ndani zinaweza kuwa hazijaiva bado, haidhuru, zitamalizikia kwenye mchuzi. Sufuria usiioshe. Tia kitunguu na karoti dakika 4, kitunguu saumu sekunde 30 tu, kisha nyanya ya kopo uikaange dakika 2 mpaka ikolee rangi. Ukiiruka hatua hiyo mchuzi unabaki na ugwadu wa kopo. Sasa tia maji kidogo, kama robo kikombe, ukwangue chini kwa mwiko wa mbao mpaka kila kilichogandia kiachie. Ndipo nyanya, dakika 4 au 5, mpaka mafuta yaanze kujitenga.

Mimina yale mililita 875 yakiwa yanatokota, tia chumvi nusu kijiko cha chai, rudisha soseji, tia makaroni na uyazamishe. Dakika 2 za mwanzo koroga bila kuacha. Wanga wa juu ya makaroni ndio unaolainika kwanza, ukiuacha utayagandisha mabonge ambayo hayafumuki tena. Baada ya hapo egesha mfuniko, punguza moto, koroga kila dakika 2 ukigusa chini. Hoho inaingia dakika ya 6, mchicha dakika 2 za mwisho. Pakiti ikisema dakika 10, onja ya 9 lakini tegemea 11 au 12, kwa sababu ndani ya mchuzi mzito maji huru ni machache kuliko kwenye maji matupu.

Zima jiko mchuzi ukiwa bado mwepesi kidogo kuliko unavyoutaka. Funika dakika 5. Makaroni yanaendelea kunywa, na wanga unazidi kukamata kadiri chakula kinavyopoa.

#2 Karafuu_Mbichi

Asante mkuu, maelezo yamejitosheleza. Maswali mawili. Tambi ndefu, yaani spageti, zinafaa kwa kipimo hichohicho? Na zile tambi nyembamba za kupika kwa nazi na sukari je?

#3 SufuriaNzito

Karafuu, za nazi na sukari ziache kwenye kazi yake. Ni nyembamba mno, zinaiva dakika 3 au 4, na ndani ya mchuzi wa nyanya zinageuka bokoboko kabla karoti haijalainika.

Spageti zinafaa. Urefu wake ni kama sentimita 25, na sufuria nyingi za nyumbani ni pana chini ya hapo, kwa hiyo zivunje katikati, ziwe vipande viwili. Wapo wanaosema tambi haivunjwi. Kwenye maji mengi ya kuchuja wana hoja, tambi inalainika na kuzama yenyewe. Kwenye sufuria moja maji ni machache: ncha zinazobaki nje zinakuwa mbichi wakati zilizozama zimeshaiva. Vunja. Pia watu wengi kwetu wanakula kwa kijiko.

Maji ni yaleyale 875, ila korogeni dakika 3 za mwanzo badala ya 2, na tumieni uma mkubwa wenye meno marefu, mwiko unazilaza upande mmoja. Umbo linalofaa kuliko yote kwa pishi hili ni fupi lenye tundu au mikunjo: kiwiko, ya bomba, ya skrubu. Mchuzi unaingia ndani, na hayashikani kirahisi.

Angalieni pia pakiti imeandikwa nini kwenye viambato. Makaroni ya semolina ya ngano ngumu, ile iitwayo durum, yanabaki na msimamo hata ukipitisha dakika moja. Yaliyotengenezwa kwa unga wa ngano ya kawaida yanatoa wanga mwingi na kuvurugika haraka. Kama ndiyo uliyo nayo, punguza maji mpaka 800 na onja dakika 3 kabla ya muda wa pakiti.

#4 Meko_ya_Juu

Naongeza jambo ambalo watu wa pwani hawaligusi. Kipimo cha mkuu hapo juu ni cha Dar, Mombasa, Unguja, maji yanapochemka kwa nyuzi 100. Ukipanda, maji yanachemka kwa joto dogo, takriban nyuzi 1 chini kwa kila mita 300. Kampala ni kama nyuzi 96, Arusha na Kigali 95, Nairobi na Mbeya 94, Eldoret 93. Kuongeza moto hakusaidii kitu. Moto mkali unaongeza mvuke tu, joto la maji halipandi.

Kwa hiyo bara juu, makaroni ya dakika 10 yanaweza kufika 13 au 14, na kwa muda huo wa ziada mvuke unaondoka na maji zaidi. Ongeza mililita 100 mwanzoni, jumla 975, na mfuniko ufunge karibu wote ukiacha upenyo wa kidole. Karoti kata ndogo, nusu sentimita, maana nazo zinachelewa. Hiyo ndiyo sababu mapishi yanayotoka vizuri Mombasa yanaletwa Nairobi kisha watu wanalaumu pakiti.

#5 Kibwebwe

Wadau, tatizo linalowapata wengi: chini kumeungua, juu makaroni bado yana kiini kibichi. Moto ni mdogo kabisa na maji yamepimwa. Sababu ni nini?

#6 SufuriaNzito

Sababu ni tatu, na mara nyingi zinakuja pamoja.

Kubwa ni mabaki ya soseji na nyanya ya kopo ambayo hayakukwanguliwa kabla ya maji kuingia. Yale tayari ni ya kahawia. Ukiyaacha chini kwa dakika 12 nyingine yanakuwa meusi, na wanga wa makaroni unashikilia hapohapo. Ndiyo maana #1 imesisitiza maji robo kikombe na mwiko wa mbao. Ukipitisha mwiko na kusikia chini pamekwaruza, bado hujamaliza.

Ya pili ni sufuria nyepesi ya alumini. Alumini yenyewe inasambaza joto vizuri, shida ni wembamba: pale mwali unapogusa panakuwa na joto kali kuliko pembeni. Sufuria yenye kitako kinene, milimita 3 na zaidi, inaondoa nusu ya tatizo. Kama huna, weka tava kuukuu la chapati juu ya jiko, sufuria juu ya tava. Kuchemka kutachelewa dakika 2 au 3 lakini joto litasambaa.

Ya tatu ni sufuria nyembamba na ndefu. Makaroni yamerundikana, ya chini yanaiva na ya juu yanapata mvuke tu. Kwa gramu 400 tafuta yenye upana wa sentimita 24 hadi 28 na ujazo wa lita 4 au 5. Kimo cha chakula kisizidi sentimita 8 hivi.

Na ikishaungua, usikoroge! Kukoroga ndiko kunakopeleka uchungu chakula chote. Hamisha cha juu kwenye chombo kingine, kiongeze maji ya moto, malizia humo. Ukoko wa wali unaliwa, ukoko wa nyanya ni mchungu.

#7 Meko_ya_Juu

Kwa wanaotumia jiko la mkaa: huwezi kupunguza moto kwa kuzungusha kitufe, kwa hiyo panga mapema. Soseji na kuunga kitunguu vifanyike mkaa ukiwa umekolea. Ukishamimina maji na yakachemka, funga mlango wa hewa wa jiko, chota majivu uyatandaze juu ya mkaa. Mchuzi umeanza kuchemka kwa kurukaruka tena? Toa vipande viwili vya mkaa. Na koroga kila dakika moja.

#8 BiMkubwa_Njegere

Wanangu, mmezungumza makaroni na sufuria, mboga mmezipita. Mboga haziingii pamoja kwa sababu haziivi pamoja, na asidi ya nyanya inazichelewesha zile ngumu. Karoti iliyoingia kabla ya nyanya inalainika. Iliyoingia baada ya nyanya inaweza kukaa dakika 15 na bado ikalia kwenye meno.

Karoti na maharage machanga, wengine mnaita mishiri, ziungwe na kitunguu mwanzoni. Kabichi na sukuma wiki iliyokatwa nyembamba, dakika ya 5 tangu makaroni yaingie. Hoho na zukini, dakika ya 6 au 7. Njegere za pakiti za barafu, dakika 3 za mwisho. Njegere mbichi za sokoni zichemsheni kwanza peke yake dakika 8 hadi 10, la sivyo zitabaki ngumu. Mchicha na spinachi dakika 2, na majani ya dhania au giligilani mkishazima jiko.

Biringanya na uyoga vina tabia yake. Biringanya ni sifongo, ikiingia mbichi inanyonya mchuzi wote halafu yenyewe inakuwa kama kitambaa kilicholowa. Ikateni vipande, ipakeni chumvi dakika 15, iosheni, ikamueni, muikaange pembeni au kabla ya soseji, muitoe. Uyoga unatoa maji mengi, uukaange mpaka maji yake yakauke ndipo muendelee.

Zukini na spinachi ni maji matupu, zaidi ya sehemu 90 katika 100. Mkitia zukini mbili na fungu kubwa la spinachi, punguzeni mililita 75 kwenye kile kipimo cha mwanzo.

#9 Karafuu_Mbichi

Shikamoo Bi Mkubwa, asante sana. Hiyo ya karoti na nyanya inaeleza mengi. Je, mboga mchanganyiko za pakiti, za barafu, ziingie lini? Na soseji gani hasa zinafaa, maana madukani ziko za kila aina.

#10 BiMkubwa_Njegere

Marahaba mwanangu. Za pakiti zimeshachemshwa kidogo kiwandani, ziingie dakika 5 za mwisho, zikiwa bado na barafu, usiziyeyushe. Zitapoza sufuria, ongeza moto kwa dakika moja mpaka irudi kutokota.

#11 JikoLaPwani

La soseji nalijibu mimi. Tofautisheni makundi mawili. Mbichi zinahitaji kuiva kabisa: za ng'ombe na nguruwe nyuzi 71 katikati, za kuku 74. Kwa asiye na kipimajoto, kata kipande kikubwa kuliko vyote, kisiwe na waridi wala ulaini wa kunata. Zilizokwisha kuivishwa au kufukizwa moshi, kama zile smoki za Kenya, zinahitaji rangi tu, kwa hiyo kaanga dakika 3, zitoe, uzirudishe dakika 4 za mwisho. Zikichemka dakika 12 zinavimba, zinapasuka na ladha yote inahamia kwenye maji. Pakiti inaeleza ni kundi gani, isomeni.

Soseji mbichi usiikate kabla ya kukaanga, nyama itatoka kwenye ngozi. Anayetaka vipande tangu mwanzo aiweke kwenye friza dakika 20 ikaze, akate kwa kisu chenye makali. Zilizoganda ziyeyuke kwanza kwenye friji. Zikiingia na barafu zinatoa maji, na penye maji hapapatikani rangi ya kahawia.

Za ng'ombe zinatoa mafuta mengi. Baada ya kuzitoa, chota mafuta yabaki kama vijiko 2 vya chakula, maana nayo pia hayamwagwi baadaye, yataelea juu ya sahani. Za kuku ni kinyume, nyingi ni kavu, ongeza kijiko kimoja cha mafuta. Na baadhi ya soseji zina ngozi ya plastiki isiyolika, imenye kwanza.

Kuhusu chumvi: soseji ina chumvi ya kama asilimia 2, kwa hiyo gramu 330 zinaleta takriban kijiko kimoja cha chai. Kidonge cha supu karibu nusu yake ni chumvi. Ukitia kidonge, chumvi ya mwanzo usitie hata chembe. Ile desturi ya kutia chumvi nyingi kwenye maji ya makaroni ni ya maji yanayomwagwa.

#12 Mwiko_Mrefu

Mimi napingana kidogo na #1. Kuna njia ya kutia vyote kwa pamoja kwenye maji baridi, makaroni, nyanya, kitunguu, soseji, na kuwasha moto. Inaokoa dakika 12 za kuunga. Waitaliano nao hupika makaroni ndani ya mchuzi wake mtindo wa risotto (wali wao wa mchuzi), bila kuchuja.

#13 JikoLaPwani

Mkuu, njia ya baridi inafanya kazi, siipingi, hasa kwa spageti na nyanya ndogo zilizoiva sana. Lakini angalia unachopoteza. Soseji inachemshwa badala ya kukaangwa, inabaki ya kijivu, na kitunguu kinabaki na ukali. Muda nao hauhesabiki: maji yakichukua dakika 7 kuchemka kwenye jiko moja na 12 kwenye jingine, makaroni yamekaa kwenye maji ya vuguvugu muda tofauti, na wanga huanza kulainika karibu nyuzi 60. Kwa hiyo huwezi kumwambia mtu "dakika 10". Kama dakika ni chache mno, kaanga soseji na kitunguu tu, dakika 7 kwa jumla, halafu vingine vyote pamoja na maji ya moto. Huo ni mwafaka mzuri. Na ule mtindo wa risotto wa Waitaliano unaanza na kuunga, tena maji ya moto yanaongezwa kidogokidogo.

#14 Mwiko_Mrefu

Hapo kwenye muda nimekuelewa. Nakubali.

#15 Kibwebwe

Na presha kuka ya umeme je? Kwa wa Nairobi ingeondoa shida ya nyuzi 94.

#16 Meko_ya_Juu

Inaondoa kweli, ndani ya presha joto linavuka nyuzi 110 popote ulipo. Muda: gawa wa pakiti kwa mbili, toa dakika 1 au 2. Pakiti ya dakika 10 ipe dakika 3 au 4. Maji punguza mpaka 750, hakuna mvuke unaotoka kama kwenye sufuria.

Mpangilio ndio muhimu. Kaanga kwa kitufe cha kukaanga, mimina maji, kwangua chini vizuri sana, tia makaroni, yabonyeze yazame, nyanya ya kopo na zilizokunwa zikae juu kabisa bila kukoroga. Nyanya nzito ikigusa kitako, mashine inasoma kuwa chakula kinaungua na kujizima. Kisivuke nusu ya chungu, maana wanga unatoa povu linaloweza kuziba vali. Kuachia presha fungua vali kidogo, funga, fungua tena, mpaka povu liache kutoka. Mchicha tia baada ya kufungua, joto lililobaki linatosha.

#17 Karafuu_Mbichi

Tui la nazi linaweza kuingia humu?

#18 BiMkubwa_Njegere

Linaingia, tena linapendeza na soseji za kuku. Tui la pili, jepesi, liwe sehemu ya maji: mililita 475 za tui jepesi na 400 za maji. Tui zito kikombe nusu liingie dakika 2 za mwisho, moto mdogo, mfuniko wazi, likorogwe upande mmoja. Likichemka kwa nguvu linakatika na mafuta yanaelea. Nyanya zipungue ziwe mbili na nyanya ya kopo iondoke. Maziwa ya ng'ombe ni hatari zaidi penye nyanya, asidi inayagandisha, kwa hiyo anayetaka weupe wa maziwa atumie krimu, na aitie jiko likiwa limezimwa.

#19 Kibwebwe

Kimebaki cha kurekebisha. Makaroni yameiva, maji yamezidi. Au maji yamekwisha, makaroni bado.

#20 SufuriaNzito

Maji yamekwisha: ongeza ya moto mililita 50 kwa mara moja, koroga, funika dakika 2, onja. Usimimine kikombe kizima, na usitie ya baridi, yanasimamisha kutokota na makaroni yanakuwa laini nje, magumu ndani.

Maji yamezidi: ondoa mfuniko, koroga kwa nguvu dakika moja. Kukoroga kunatoa wanga na wanga ndio unaokamata mchuzi. Bado? Zima, subiri dakika 5 bila mfuniko kabla hujaamua lolote, mara nyingi inatosha. Kama hata hivyo ni supu, chota maji yaliyozidi kwenye kikaango kipana uyapunguze kwa moto mkali, kisha uyarudishe. Usiendelee kuchemsha makaroni yaliyokwisha kuiva.

#21 Mwiko_Mrefu

Kwa watu wanane nazidisha mara mbili tu?

#22 JikoLaPwani

Hapana mkuu. Mvuke unategemea upana wa sufuria, wingi wa makaroni hauuongezi. Kwa gramu 800 tia lita 1.6 badala ya 1.75, na kwa gramu 200 tia nusu lita badala ya 437. Ila gramu 800 ndani ya sufuria moja ni kazi ngumu kukoroga, tumia mbili kama una meko mawili. Makaroni ya ngano nzima yaongezewe mililita 100 kwa kila pakiti.

#23 BiMkubwa_Njegere

La mwisho kutoka kwangu, la kiporo. Msikiache sufuriani juu ya jiko hadi asubuhi. Kuna bakteria, Bacillus cereus, wanaopenda vyakula vya wanga vilivyokaa na uvuguvugu. Sumu yao ya kutapisha haiharibiki kwa kupasha, hata kichemke vipi. Kitandazeni kwenye chombo kipana kipoe, kiingie kwenye friji kabla ya saa 2 kupita tangu jiko lizimwe, kiliwe ndani ya siku 3. Kwa kupasha, sahani moja ipate vijiko 3 au 4 vya maji, kikaango kifunikwe, moto mdogo, mpaka mvuke utoke katikati ya chakula. Kwenye nyumba isiyo na friji, pimeni cha usiku huo peke yake: gramu 100 za makaroni kwa mtu mzima, 60 kwa mtoto.